Maradhi ya Kuharisha kwa Watoto: Kinachoua ni Ukavu wa Mwili

Wananchi na watumishi wa Serikali wanakumbushwa kwamba maradhi ya kuharisha, ambayo wengi wetu tumeyazoea na kuyahesabu kuwa ni jambo dogo la utotoni, bado yamo miongoni mwa maradhi yanayochukua roho nyingi za watoto wa umri wa chini ya miaka 5. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ulimwenguni kote watoto zaidi ya 400,000 wa umri huo hufariki kila mwaka kwa sababu hiyo. Makala haya yanakusudia kueleza ni kitu gani hasa kinachomuua mtoto anayeharisha, kwani likifahamika hilo, mengi yanayofanywa majumbani mwetu kwa nia njema yataachwa, na mengine yanayodharauliwa yatatangulizwa.

Mtoto anayeharisha aghlabu hafi kwa vijidudu vilivyomo tumboni mwake. Hufa kwa kukaukiwa. Mwili wa mtoto aliyezaliwa karibuni ni maji kiasi cha robo tatu ya uzito wake, na katika maji hayo mna chumvi za namna mbalimbali ambazo moyo, misuli na ubongo haviwezi kufanya kazi bila ya hizo. Mtoto mwenye uzito wa kilo 10 akitokwa na lita 1 ya maji kwa kuharisha na kutapika, amepoteza sehemu 1 katika 10 ya mwili wake, na hapo amekwisha kufika katika hatari ya kufa. Mtu mzima huweza kupoteza lita hiyo hiyo akaona kiu na uchovu tu. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa akicheza barazani asubuhi huweza kuwa hoi ikifika alasiri, jamaa wakadhani kwamba maradhi yamekuja kwa ghafla, ilhali yeye alikuwa akipungua saa baada ya saa mbele ya macho yao.

Kwa hivyo hatari kubwa kuliko zote ni ile kauli ambayo ingali ikisikika mijini na mashamba, kwamba mtoto anayeharisha asipewe maji, kwa kuwa anachokunywa ndicho anachokitoa. Kwa mtazamaji kauli hii ina sura ya ukweli, maana maji yakinywewa peke yake, sehemu kubwa hupita na kutoka. Lakini utumbo ulioharibiwa na maradhi haupotezi uwezo wake wote. Katika kuta zake mna mlango mmoja ambao hubaki ukifanya kazi hata katika kipindupindu, nao ni mlango unaopitisha sukari na chumvi kwa pamoja. Sukari ikifika peke yake mlango haufunguki sawasawa, na chumvi ikifika peke yake ni vivyo hivyo. Vikifika pamoja, kwa kiasi kilichopimwa, huingia mwilini, na maji huvifuata. Hii ndiyo siri yote ya ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji iitwayo ORS, ambayo watu wengi huidharau kwa kuwa ni rahisi, haina uchungu na haichomwi sindano.

Siri hiyo ilifanyiwa uchunguzi katika miaka ya 1960 katika miji ya Dhaka na Calcutta, na mwaka 1971 ikapata mtihani wake mkubwa. Wakimbizi wa vita vya Bangladesh walikuwa wamejaa katika kambi ya Bongaon, mpakani mwa India, na kipindupindu kikawaingia. Maji ya kutia mishipani yakamalizika. Daktari Dilip Mahalanabis na wenzake wakachanganya sukari na chumvi katika mapipa, wakawapa jamaa za wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Vifo, ambavyo vilikuwa vikikaribia wagonjwa 30 katika kila 100, vilishuka hadi chini ya 4. Walionyweshea hawakuwa madaktari wala wauguzi; walikuwa mama, baba na ndugu. Mchanganyiko uliopo katika vituo vyetu vya afya leo umerekebishwa tangu mwaka 2002, chumvi na sukari zikapunguzwa kidogo ili mtoto asitapike sana na asiharishe sana, lakini asili yake ni ile ile.

Inafaa kueleza matumizi yake kwa urefu, kwa sababu makosa mengi hutokea hapa. Mkono uoshwe kwa sabuni kwanza. Paketi ichanganywe yote kwa mara moja katika kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, ambacho kwa paketi nyingi ni lita 1, na maji hayo yawe yamechemshwa yakapoa au yametiwa dawa ya klorini. Kuigawa paketi kwa kukisia, au kuitia katika maji machache ili eti iwe na nguvu, ni hatari, kwani chumvi ikizidi humdhuru mtoto zaidi ya maradhi aliyonayo. Usiongezwe sukari, maziwa wala sharubati kwa ajili ya ladha. Kila mtoto anapokwenda haja ya maji, aliye chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu ya kikombe cha chai, na aliyezidi umri huo apewe nusu hadi kikombe kizima. Apewe kidogo kidogo, kwa kijiko au kwa kukupua kikombeni. Akitapika, asubiriwe dakika 10, kisha aanzwe tena kwa utaratibu zaidi. Jambo hili linataka subira ya saa nyingi, na si haki kazi hiyo aachiwe mama peke yake usiku kucha, hali baba wa mtoto na jamaa wengine wamo nyumbani na mikono yao mizima. Yatakayobaki baada ya saa 24 yamwagwe, ichanganywe paketi nyingine.

Pale ambapo paketi haikupatikana, kwa mfano usiku wa manane katika kijiji kilicho mbali na kituo, huweza kuchanganywa lita 1 ya maji salama na vijiko vya chai 6 vya sukari, vilivyosawazishwa kwa kisu, pamoja na nusu ya kijiko cha chai cha chumvi. Mwenye kuchanganya aonje kwanza: maji hayo yasiwe na chumvi kupita ya machozi. Maji ya wali yaliyotiwa chumvi kidogo nayo yanafaa. Madafu, ambayo Mwenyezi Mungu ameyajaalia kwa wingi hapa kwetu, ni kinywaji kizuri kwa mgonjwa, ila chumvi inayotakiwa ni chache ndani yake, basi yawe ni nyongeza tu, yasishike nafasi ya ORS. Soda, juisi za madukani na chai yenye sukari nyingi ziepukwe kabisa, kwa kuwa sukari ikizidi kiasi huyavuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza tumboni, na mtoto akazidi kuharisha.

Pamoja na ORS mtoto apewe vidonge vya zinki, kama lilivyopendekeza Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 2004. Aliye chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10 kwa siku, ambayo ni nusu ya kidonge kilicho cha kawaida, na aliyezidi umri huo miligramu 20, kwa muda wa siku 10 hadi 14. Wazazi wengi huviacha siku ya pili au ya tatu wanapoona choo kimeshika. Hilo ni kosa, kwa kuwa zinki haikuwekwa kwa ajili ya siku hiyo tu. Huurudishia utumbo afya yake na humkinga mtoto asirudiwe na maradhi katika miezi michache inayofuata.

Linalosikitisha ni kwamba mzazi anayekataa kutumia paketi moja ya ORS huwa tayari kwenda katika duka la dawa kununua vidonge vya kufunga tumbo au dawa za kuua bakteria, tena nusu dozi kwa kadiri ya fedha iliyomo mfukoni. Dawa za kufunga tumbo hazifai kwa mtoto mdogo. Hulizuia tumbo lisitoe nje, lakini haziurudishi mwilini hata tone la maji, na baadhi yake huweza kumletea mtoto usingizi mzito na kulifanya tumbo livimbe. Ama dawa za kuua bakteria, hizo zina mahala pake, nayo ni pale mtoto anapoharisha damu au anapougua kipindupindu kikali, na wa kuamua hayo ni mtaalamu wa kituo cha afya, si muuza duka wala jirani. Nyingi katika kesi za kuharisha kwa watoto wadogo husababishwa na virusi, na virusi havitishwi na dawa hizo.

Kirusi mashuhuri zaidi kinaitwa rota. Hiki ni tofauti na maradhi mengine ya matumbo kwa kuwa huwapata watoto wa matajiri na wa masikini sawasawa, wa Ulaya na wa Makunduchi, na usafi peke yake hautoshi kukizuia. Kwa sababu hiyo chanjo yake ikaingizwa katika ratiba ya chanjo za watoto nchini, Zanzibar ikiwemo, kuanzia Januari 2013. Ni matone ya kunywa, na ilipoanza iliwekwa mara mbili, mtoto anapofika wiki 6 na anapofika wiki 10. Mama asingoje mtoto akue. Chanjo hii ina umri wake, na tarehe zilizoandikwa katika kadi ya kliniki zifuatwe. Mbali na rota kuna bakteria aitwaye shigela, ambaye ndiye mara nyingi huleta kuharisha damu, kuna baadhi ya makabila ya bakteria wa kawaida wa tumbo waliogeuka kuwa wabaya, na kuna vijidudu kama kriptosporidia ambavyo klorini haiviui kwa urahisi, ila maji yakichemka hufa. Minyoo, ikiwemo safura, ni mlango mwingine. Aghlabu haileti kuharisha kwa ghafla, bali humnyonya mtoto damu na chakula polepole, na kwa ajili yake hutolewa dawa katika skuli zetu.

Hapa ni vyema kutaja itikadi mbili tatu bila ya kuwakejeli wenye kuzishika. Wapo wasemao mtoto huharisha kwa kuota meno. Meno hayaharishi mtu. Ila mtoto huota meno katika umri ule ule anaoanza kutambaa, kuokota kila alionalo na kulitia kinywani, na kuanza kula uji uliopikwa asubuhi ukawekwa hadi jioni. Wapo pia wasemao mtoto amebemendwa, na kwa dhana hiyo mama humwachisha ziwa kwa aibu au kwa hofu ya maneno ya watu. Huyo mtoto amenyang'anywa kinga yake siku ile ile anayoihitaji kuliko siku zote. Maziwa ya mama hayana vijidudu vya kisimani, yana maji, yana chumvi na sukari, na yana askari wa kupigana na maradhi. Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonyeshwe tu bila ya maji wala uji, na anapoharisha anyonyeshwe zaidi. Mkubwa aendelee kula: uji, ndizi, wali laini, samaki. Kumfungisha mtoto anayeharisha humwacha dhaifu, na aliye dhaifu hurudiwa na maradhi kabla hajapata kunenepa.

Sasa tuje kwenye chanzo cha maradhi haya, ambacho kwa Unguja kina mambo yake ya pekee. Sehemu kubwa ya kisiwa hiki imekaa juu ya mawe ya matumbawe, nayo ni mawe yenye matundu na nyufa. Ardhi ya udongo mzito huyachuja maji yanapopita. Mawe ya matumbawe huyapitisha tu. Mvua ikinyesha juu ya shimo la choo lililochimbwa katika mawe hayo, kilichomo shimoni huweza kufika kisimani bila ya kuchujwa. Wataalamu hushauri kisima na choo vitenganishwe angalau kwa mita 30, lakini katika ardhi yetu ya mawe hata umbali huo hauleti dhamana kamili, na katika mitaa iliyosongamana ya Ng'ambo umbali wenyewe haupatikani. Maji ya kisima yakiwa meupe na baridi si dalili ya usalama wake. Kijidudu hakionekani kwa macho.

Mji Mkongwe una historia yake katika jambo hili. Kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu mjini na mashamba, na daktari aliyekuwa akiishi hapa, James Christie, aliandika kitabu kizima juu ya njia kilizopita maradhi hayo katika Afrika ya Mashariki, kikachapishwa London mwaka 1876. Ni katika utawala wa Sayyid Barghash, kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ndipo maji ya chemchem zilizo kaskazini ya mji yalipoletwa kwa mabomba, na watu wakapata njia ya kuviacha visima vilivyokuwa karibu na mashimo ya vyoo. Maji machafu ya mji, lakini, yameendelea kupita katika mifereji ya kale na kuishia baharini, na watoto wanaojirusha kutoka ukuta wa Forodhani hujirusha katika bahari hiyo hiyo.

Katika zama zetu kipindupindu kiliripotiwa kwa mara ya kwanza Zanzibar mwaka 1978, katika kijiji cha wavuvi, na tangu hapo kimerudi mara nyingi. Mlipuko wa mwaka 2015 hadi 2016 ulileta wagonjwa zaidi ya 4,000 Unguja na Pemba. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011, ambao ulilinganisha takwimu za wagonjwa wa Zanzibar na hali ya hewa, ulionyesha kwamba joto likipanda kwa digrii 1 wagonjwa huongezeka maradufu baada ya miezi 4, na mvua nyingi hufuatiwa na ongezeko baada ya miezi 2. Maana yake kwa sheha, kwa afisa wa wilaya na kwa mwalimu mkuu ni kwamba kazi ya kusafisha mitaro, kufunika visima na kukagua vyoo vya skuli ifanywe kabla ya masika, wakati hakuna mgonjwa hata mmoja. Kusubiri tangazo la mlipuko ni kuchelewa. Mwaka 2009 chanjo ya kipindupindu ya kunywa ilitolewa katika baadhi ya shehia za visiwa vyote viwili na ikaonekana kuwakinga waliopata dozi mbili kwa takriban asilimia 79, lakini chanjo hiyo haizuii shigela wala rota, na haiugeuzi mfereji mchafu kuwa msafi.

Mabomba nayo yanataka tahadhari. Maji yanapokatika, bomba hubaki tupu, na lililotoboka huvuta ndani maji ya mtaro linamopita. Hivyo maji ya mwanzo yanayotoka baada ya ukavu wa siku nzima ndiyo yenye shaka kuliko yote, na ndiyo ambayo watu huyakinga kwa pupa. Yaachwe yamwagike kidogo au yafuliwe nguo, na bomba linalovuja liripotiwe kwa Mamlaka ya Maji.

Tangazo la kuchemsha maji ya kunywa limerudiwa sana, na mwenye kulitangaza anapaswa kukumbuka bei ya makaa. Familia isiyoweza kuchemsha ya watu wote ichemshe ya watoto wa chini ya miaka 5, na yaliyobaki yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, yaachwe dakika 30 kabla ya kunywewa. Maji yaliyosafishwa yakiwekwa katika ndoo wazi na kila mmoja akazamisha kata na vidole vyake, kazi yote imepotea. Chombo cha mdomo mwembamba au chenye bomba kinafaa zaidi, nyumbani, skulini na katika vyuo vya Kurani, ambako kopo moja la mtungini huzunguka midomo ya watoto arubaini. Kuosha mikono kwa maji matupu hakutoshi baada ya choo na baada ya kumsafisha mtoto. Pawe na sabuni, hata kipande. Na kinyesi cha mtoto mchanga, ambacho wengi hukiona hakina madhara, kitiwe chooni kama cha mtu mzima.

Mtoto apelekwe kituo cha afya bila ya kungoja asubuhi ikiwa macho yameingia ndani, utosi wa mchanga umebonyea, analia bila ya machozi, hakukojoa kwa muda wa saa 6, amelegea au hawezi kunywa, anatapika kila anachopewa, au ngozi ya tumbo ikifinywa hurudi polepole. Kadhalika akiharisha damu, akiwa na homa kali, akiharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, au kuharisha kukizidi siku 14. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, kuharisha kokote kunatosha kumpeleka. Jamaa wachukue kadi yake ya kliniki pamoja na dawa yoyote aliyokwisha kupewa, na wakiwa njiani, ndani ya gari au juu ya gari la ng'ombe, waendelee kumnywesha ORS kijiko baada ya kijiko hadi watakapomkabidhi kwa muuguzi.